Ndege wa Kisiwani Hana pa Kukimbilia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni jambo la ndege. Najua wapo watakaofunua ukurasa unaofuata upesi wakisema, "Mitihani iko mlangoni, bei ya mawese haijulikani leo wala kesho, na huyu atuletea habari za ndege!" Nawaomba wavumilie kidogo. Siwasemei ndege kwa sababu ni wazuri, ijapokuwa ni wazuri kweli. Nawasemea kwa sababu wale walio katika misitu midogo ya pwani yetu ya Tanganyika wamo katika hatari ile ile iliyokwisha kufuta ndege wengi ulimwenguni, na dawa ya hatari hiyo haiko Ulaya wala Bujumbura, iko mikononi mwa watu wa Rumonge.

Katika somo la jiografia twafundishwa kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Kwa maana hiyo sisi wa upande wa Burundi hatuna visiwa vya kujivunia. Lakini mwulize ndege. Kwake yeye kisiwa ni mahali popote anapoweza kuishi, palipozungukwa na mahali asipoweza kuishi. Iwapo yaliyomzunguka ni maji ya chumvi, au mashamba ya mihogo, au nyumba za mabati, kwake ni mamoja. Akitoka hapo hana pa kukimbilia.

Basi tutazame kwanza visiwa vyenyewe vya baharini, tuone mambo gani yaliwapata ndege wa huko, kisha turudi nyumbani.

Bahari ya Pasifiki ina visiwa maelfu, na vingi viko mbali mno na nchi kubwa. Ndege waliofika huko zamani za zamani hawakukuta panya, wala paka, wala nyoka wa kupanda miti. Wakazaa, wakabadilika kidogo kidogo, mpaka kila kisiwa kikawa na ndege wake wasiopatikana pengine. Wengine walijenga viota chini, maana hapakuwa na wa kuwadhuru. Wengine waliacha hata kuruka. Walikuwa kama watu wa mji usio na wezi, ambao hawakupata kujifunza kufunga milango. Ndipo wakaja wanadamu na merikebu zao, na ndani ya merikebu wakaja wageni wasioalikwa.

Tazama kisiwa cha Guam kilicho chini ya Marekani. Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945, nyoka mmoja wa rangi ya kahawia aingia katika mizigo ya meli, akafika Guam, akazaana. Hapakuwa na mnyama wa kumpunguza. Usiku alipanda miti akala mayai, makinda, na mama zao. Watu hawakutambua upesi; waliona tu kwamba asubuhi zimekuwa kimya. Katika aina 12 za ndege wa msituni wa kisiwa kile, 10 zilitoweka. Mdiria wao, ambaye wenyeji humwita sihek, hakuonekana tena porini baada ya mwaka 1988. Kama wachache wasingalikamatwa mapema na kupelekwa Marekani kuzalishwa kizimbani, leo tungemsoma vitabuni tu. Mwaka 2024 tisa kati ya wazao wao waliachiliwa katika kisiwa kingine cha Pasifiki, Palmyra, kisichokuwa na nyoka huyo. Huko kwao Guam bado hawawezi kurudi.

Tena msitu wa Guam wenyewe ulianza kuugua. Buibui waliongezeka mno, kwa kuwa waliowala hawapo. Miti mingi ambayo mbegu zake zilibebwa na ndege ikaanza kukosa watoto, maana tunda likianguka chini ya mama yake lachipua pale pale kivulini na kufa. Nawaomba wasomaji wakumbuke habari hii ya mbegu, nitairudia.

Tazama pia Hawaii. Kisa chake sisi wa Rumonge tutakifahamu kuliko watu wengi, kwa kuwa ni kisa cha mbu. Visiwa vile havikuwa na mbu hata mmoja mpaka mwaka 1826, walipoletwa na merikebu katika maji ya mapipa. Baadaye ikaja na malaria ya ndege. Ndege wa Hawaii, ambao wazee wao hawakupata kuugua ugonjwa huo, walikufa mabondeni kwote. Waliobaki walipanda milimani kwenye baridi ambako mbu hawezi kuishi. Sasa hewa ya dunia inazidi joto na mbu naye anapanda mlima. Ndege anasogea juu, mbu anamfuata, na mlima una kilele: ukifika hapo hakuna juu zaidi. Mwaka 2023 Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba aina 8 za ndege wa Hawaii zimekwisha kabisa, ikaziondoa katika orodha ya viumbe wa kulindwa, kwa sababu hakuna tena wa kulindwa.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na bahari ya mbali." Sivyo. Waswahili wenzetu nao wanayo. Kisiwa cha Pemba kina aina 4 za ndege wasiopatikana mahali pengine popote chini ya jua: ninga wake wa kijani, bundi wake mdogo, chozi wake, na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Karne ya 19 misitu ya Pemba ilikatwa sana ili kupanda mikarafuu, na msitu mkubwa wa asili uliosalia ni ule wa Ngezi, kaskazini. Jirani yake, Unguja, ilipata balaa la namna nyingine. Katika miaka ya 1890 waliletwa kunguru kutoka India ili wasafishe takataka za mjini. Kazi hiyo waliifanya, lakini hawakuishia jalalani. Walikula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku vya akina mama. Wakavuka bahari, wakajaa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inakusudia kuua kunguru milioni moja. Tazameni basi gharama ya kosa la siku moja: walioleta ndege hao walikwisha kufa zamani, na wajukuu wa wengine wangali wanalipa deni.

Sasa turudi nyumbani. Mtu akitoka Rumonge kwa njia ya Nyanza-Lac, hapiti mwendo mrefu kabla ya kufika Kigwena. Hapo upo msitu wa asili wa nchi ya chini, karibu na ziwa, wenye miti mirefu na kivuli cha baridi. Juu ya mji, katika vilima, iko hifadhi ya Rumonge yenye miti ya miombo, na mbele yake ile ya Vyanda ambako wangaliko sokwe. Sheria ya mwaka 1980 iliweka msingi wa mbuga na hifadhi za Burundi, na tangu mwaka 2014 kazi ya kuzitunza imo mikononi mwa Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, ambayo watu huiita OBPE. Kwa hiyo mtu aweza kusema, "Misitu inayo sheria, inao walinzi, shauri limekwisha."

Mimi nasema shauri halijakwisha. Simama mahali pa juu utazame. Kigwena ni kipande tu. Upande huu michikichi, upande ule mihogo, nyuma yake migomba, nyumba, barabara. Zamani msitu wa mabondeni na miombo ya vilimani ilikaribiana, na ndege aliyekosa matunda hapa alikwenda kuyatafuta pale. Siku hizi kati ya kipande na kipande kuna mashamba matupu. Kigwena ni kisiwa, ijapokuwa hakina fukwe. Hifadhi ya Rumonge ni kisiwa. Sisi tunaishi katika bahari inayovizunguka, na bahari hiyo tumeichimba kwa majembe yetu.

Mtu atasema, "Lakini mchikichi nao si mti?" Ni mti, na ni mama yetu. Karo za shule katika pwani hii zatoka katika mawese, na sabuni, na taa, na mboga. Tena wako ndege waupendao mchikichi: wanana huchana majani yake kujenga viota, na yuko tai mmoja mweupe na mweusi ambaye chakula chake kikubwa ni matunda ya mchikichi. Lakini ndege wa kivulini, yule alaye wadudu chini ya majani yaliyooza, au ajengaye katika tundu la mti mkuu uliozeeka, hawezi kuishi katika shamba la michikichi lililopaliliwa. Kwake shamba lile ni kama ziwa kwa kuku.

Nitatoa mfano mmoja ili watu wasidhani nasema ndoto. Walipochimba mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, waliziba mto na bonde zima likajaa maji. Kilima kimoja chenye msitu kikabaki juu ya maji, kikawa kisiwa, jina lake Barro Colorado. Mwaka 1923 kilifanywa hifadhi. Wataalamu wamekaa hapo wakikichunguza zaidi ya miaka mia. Hapakatwi miti, hapawindwi. Hata hivyo aina nyingi za ndege waliokuwapo zimetoweka moja baada ya moja. Kwa nini? Kwa sababu kundi dogo likipatwa na mwaka mbaya wa njaa au ugonjwa hupungua, na hakuna ndugu wa kutoka ng'ambo kuja kulijaza. Ndege wengi wa kivulini hawathubutu kuvuka hata upana mdogo wa maji au wa uwanja wazi. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, MacArthur na Wilson, waliandika kitabu kizima juu ya kanuni hii: kisiwa kikizidi udogo na kikizidi kuwa mbali na jirani zake, ndivyo aina za viumbe wake zinavyozidi kuwa chache. Kwa hiyo kulinda kipande peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuviunganisha vipande.

Hapa nafikia neno gumu, nami sitalikwepa. Nchi yetu ina kilomita za mraba 27,834 tu, na watu wake ni zaidi ya milioni 12. Hapa Rumonge ardhi si neno la mzaha. Wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni watoto au wajukuu wa watu waliokimbia mwaka 1972, wakaishi Tanzania, na waliporudi wakakuta michikichi ya baba zao inachumwa na watu wengine. Tumeona ndugu wakishtakiana kwa ajili ya mistari kumi ya michikichi. Mtu akisimama mbele ya watu hao akasema, "Acheni ardhi kwa ajili ya ndege," atastahili kuzomewa. Mtu kwanza, hilo nalikubali kwa moyo wote.

Lakini yafaa tuulize: huyo mtu wa kwanza, akiuondoa msitu, atapata nini? Kigwena ikikatwa leo yote na kugawanywa, haitoshi hata kwa tarafa moja ya wenye njaa ya ardhi. Mwaka wa kwanza atavuna vizuri, wa tatu atavuna kidogo, na vilima vikivuliwa miti udongo utashuka mtoni na ziwani. Kila mtu wa pwani aliona mvua kubwa za miaka iliyopita, na ziwa lilivyopanda tangu mwaka 2020, likaingia nyumbani mwa watu. Msitu mdogo hauwezi kulizuia ziwa, lakini mizizi yaweza kuuzuia udongo wa kilima usije juu ya shamba la chini. Msitu na shamba si maadui. Mwenye shamba ndiye wa kwanza kuulilia msitu utakapokwisha.

Na msitu hauishi bila ndege. Sasa kumbukeni mbegu za Guam. Hondohondo, shorobo na njiwa wa msituni humeza tunda hapa, huangusha mbegu kule. Hawana mshahara, hawaombi jembe. Bwana Shamba apande miti elfu, atataka mifuko, maji na watu wa kumwagilia. Ndege hupanda kila siku bila kuulizwa. Msitu ambao ndege wake wamekwisha waweza kusimama miaka hamsini machoni pa watu, kumbe ni mzee asiye na mtoto.

Nina mfano mwingine utakaowapendeza wenye michikichi. Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na katika hiyo yakazaliwa mashamba makubwa ya Asia. Huko Malaysia panya waliwasumbua wakulima sana, maana hula matunda ya mchikichi. Walifanyaje? Walitengeneza nyumba ndogo za mbao, wakazisimamisha juu ya nguzo katikati ya mashamba, wakawakaribisha bundi. Bundi wakaja, wakazaa humo, na kila usiku huwinda panya. Na sisi wenye asili ya mti huo, bundi akilia juu ya paa twamrushia mawe, twasema analeta kifo. Watu wa Malaysia wanamjengea nyumba mlinzi wa mawese, nasi twamfukuza! Sitaki kuwadharau wazee wetu. Nasema tu kwamba aliyesoma hesabu na ahesabu: bundi mmoja akila panya wawili kila usiku, kwa mwaka amekula zaidi ya mia saba. Ni mikungu mingapi ya mawese hiyo?

Mtu aliyesoma mpaka hapa aweza kukata tamaa, akaona ndege wote wa visiwani wamehukumiwa kufa. Sivyo hata kidogo, na hili ndilo linalonipa nguvu ya kuandika.

Katika visiwa vya Chatham vya New Zealand, mwaka 1980 walibaki ndege wadogo weusi watano tu wa aina moja duniani, na katika hao watano jike aliyekuwa akizaa alikuwa mmoja. Watunzaji walichukua mayai yake, wakayaweka katika viota vya ndege wa aina nyingine wayalee, naye akataga tena. Leo wako mamia, na wote ni wa uzao wa jike yule.

Karibu na Afrika, huko Shelisheli, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Cousin. Kilikuwa shamba la minazi. Mwaka 1968 ndege mmoja mdogo wa kisiwa hicho alikuwa amebakia chini ya 30 duniani kote. Watu wa hifadhi walikinunua kisiwa, wakaiacha minazi isitunzwe, miti ya asili ikarudi yenyewe. Ndege wakaongezeka mpaka wakapelekwa katika visiwa vingine, na leo wamefika maelfu. Sisemi tuing'oe michikichi! Nasema kwamba hata pale mti mmoja wa biashara ulipokuwa umetawala, miti ya asili ilipopewa nafasi kidogo ilijua njia ya kurudi.

Na kwa Waswahili wa Pemba, tuwaulize habari za popo wao. Yeye si ndege, lakini ana mabawa na kazi yake ya kupanda mbegu ni ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache tu, kwa sababu waliwindwa kwa nyama. Haikuwa jeshi lililowaokoa. Vijiji vyenyewe viliunda vyama, vikalinda miti wanayolala, kama kule Kidike, na kufikia mwanzo wa karne hii walikuwa maelfu mengi. Jirani zetu wa Rwanda nao, kuanzia mwaka 2014, waliwaomba watu wawatoe umusambi waliokuwa wakifungwa katika bustani za nyumba na hoteli kama mapambo. Zaidi ya 200 walitolewa, na wenye uwezo wa kuruka wakarudishwa porini. Umusambi ni huyu huyu korongo mwenye taji ambaye babu zetu walimcheza ngoma wakinyosha mikono kama mabawa. Itakuwa aibu ngoma ibaki na ndege aondoke.

Basi wenzangu, tufanye nini? Sina cheo cha kuamuru mtu, lakini nina mashauri manne.

La kwanza ni la manati na ulimbo. Kila likizo twaona vijana, wengine wamevaa sare za shule, wakiingia kando ya misitu kupiga ndege wasio na nyama ya kutosha hata kijiko kimoja cha mchuzi. Mwenye njaa simhukumu. Lakini anayeua ili ahesabiwe kuwa na shabaha, na aende uwanjani akapige mpira golini, huko shabaha yake itafaa shule nzima. Kaka wakubwa wa madarasa ya juu ndio wapaswao kuanza, maana mdogo hutazama mkono wa kaka yake.

La pili ni la kuunganisha vipande. Vijito vinavyotoka vilimani kwenda ziwani vinapita katikati ya mashamba, na kandokando yake hakuna anayepata mavuno makubwa, kwa sababu maji hubomoa kingo. Tukipanda hapo miti ya asili, mistari miwili mitatu tu kila upande, tutapata njia ya kivuli kutoka miomboni mpaka mabondeni. Ndege atapita humo kama mtu apitavyo darajani. Kilabu cha shule chaweza kuwa na kitalu chake. Nami naomba isiwe mikalitusi peke yake. Mkalitusi hukua upesi na kuni zake ni nzuri, lakini hondohondo hapati tunda humo.

La tatu nawaelekea wazee wetu, wanafunzi wa zamani wa shule hii. Wengi wenu sasa mna mashamba ya michikichi, wengine mna viwanda vidogo vya kukamulia mawese, wengine ni wakubwa katika ofisi. Mwenye shamba na aache miti mikubwa ya asili miwili mitatu isimame. Mwenye kiwanda na apande kuni zake mwenyewe, badala ya kununua za msituni za kuchemshia ngazi, kwa kuwa moto wa mawese nao hula misitu. Mwenye ofisi na akumbuke kwamba mlinzi wa hifadhi asiyelipwa kwa wakati atafumba jicho moja. Sisi tulio bado madarasani hatuna shamba wala sahihi. Ninyi mnazo.

La nne ni dogo, lakini kwangu ni kubwa: tuwajue ndege wetu kwa majina. Mwulize mwanafunzi wa Rumonge majina ya wachezaji wa Ulaya, atakutajia ishirini bila kupumua. Mwulize majina ya ndege, atakuambia, "Huyu ni ndege, na yule ni ndege pia." Wavuvi wa ndagala na mukeke wanajua kuliko sisi: wanamjua furukombe mwenye kichwa cheupe, na mdiria anayesimama hewani kabla ya kujitosa majini, na yangeyange, na wapi kila mmoja hukaa mvua zikianza. Bibi zetu wanayo majina ya Kirundi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Tufungue daftari moja la shule. Kila mwezi tuandike ndege gani wameonekana, wapi, siku gani, na jina lake kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Daftari hilo likitunzwa miaka kumi litakuwa na thamani kuliko hotuba nyingi. Watu wa Guam walichelewa kujua.

Najua neno la mtoto wa shule halina uzito mkubwa barazani. Lakini mashauri haya hayahitaji fedha za wafadhili wala ruhusa ya waziri. Yanahitaji mbegu, daftari, na mkono unaoweka manati chini. Watu wa Unguja na wa Guam walifahamu baada ya kupoteza. Sisi bado tunavyo vya kupoteza: wapo Kigwena asubuhi hii wanalia, nao hawajui kwamba wako kisiwani. Anayejua ni wewe msomaji, na mwenye kujua ndiye mwenye wajibu.

Ikiwa yuko mtu mwenye wazo jingine, au anayeona nimekosea katika hoja zangu, naomba aandike toleo lijalo. Tubishane kwa kalamu, lakini daftari tulifungue muhula huu huu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Rumonge